Bashrafu ya Ngazini

Wali wa mtu mmoja haupikiki. Aliyewahi kuishi peke yake analijua hilo: ukitia mchele kidogo, chini unaungua na juu haujaiva. Kwa hiyo Rawiya binti Thuwaini kila siku alipika wali wa watu watatu, akala wa mtu mmoja, na uliobaki akawatilia paka wa Sokomuhogo, ambao kwa miaka sita walinenepa kuliko paka wote wa Mji Mkongwe. Watu wakasema, mtazameni yule, ana miaka arobaini na sita, hana mume wala mtoto, ana paka. Watu wa mji huu wakikosa la kusema huazima.

Alikuwa karani katika ofisi moja ya karafuu huko Malindi. Asubuhi alikwenda, mchana alirudi, na nyumba aliyoirudia ilikuwa ya ghorofa tatu, aliyoachiwa na marehemu baba yake, yenye vyumba tisa na mtu mmoja. Kaka yake wa pekee, Jamil, alihamia Muskati tangu ujana, na simu zake zilikuwa mbili kwa mwaka, Idi ndogo na Idi kubwa. Ofisini alikuwa Bi Karani. Mtaani alikuwa binti Thuwaini. Zilipita wiki nzima, Ijumaa hadi Ijumaa, bila ya mtu kumwita Rawiya, na siku moja alijiita mwenyewe jikoni, kwa sauti, ajue kama jina lile bado linafanya kazi. Aliona haya, akafungulia maji ya bomba.

Lakini upweke wa kukosa watu alikwisha kuuzoea, kama mguu unavyozoea kiatu kinachobana. Kilichokuwa kikimla hasa ni bashrafu. Bashrafu ni lile pigo la kufungulia taarabu, lisilo na maneno, linalopigwa kabla mwimbaji hajasimama, wakati watu bado wanatafuta viti. Rawiya alikuwa nayo moja kichwani. Ilimjia mwaka 1981 akipiga pasi kanzu za baba yake, vipande viwili tu, na kwa miaka ishirini na tatu akaikuza mwenyewe, akaiongeza, akaipunguza, akaijua kila pembe, na hakuna kiumbe aliyepata kuisikia. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa: mtu mmoja mwenye masikio ya muziki aisikilize mpaka mwisho, kisha aseme, hii ni ya Rawiya.

Mtu atauliza, kwa nini asijifunze kupiga udi, asijifunze kupiga kanuni, na amezaliwa katika nyumba iliyojaa muziki? Haya, na tuseme.

Bwana Thuwaini alikuwa mpiga mzuri wa kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi, na kila Jumanne na Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, wenzake wa klabu ya taarabu walikuja kufanya mazoezi katika chumba cha juu cha nyumba yake. Walikuwa watu sita pamoja naye. Mlango ulikuwa wa msaji, mzito, na ulifungwa. Bwana Thuwaini alimpenda binti yake kwa namna ya watu wa nyumba ile, yaani kwa kumfungia. Mtoto wa kike wa nyumba hii, alisema, hakai na wanaume kupiga vinanda, na neno lake lilisemwa mara moja tu. Posa zilikuja, akazikataa moja baada ya moja kwa sababu hii na ile, mpaka zikaacha kuja zenyewe. Tangu umri wa miaka kumi na miwili Rawiya alipandisha sinia la kahawa, akaliweka mlangoni, akabisha, akashuka vidato vitatu vya ngazi, na kwenye kidato cha nne akakaa. Alikaa hapo kila Jumanne na kila Alhamisi kwa miaka ishirini na minane.

Mwaka 1998 Bwana Thuwaini akafariki. Baada ya hitima wenzake wakaja na adabu zao zote, wakachukua vyombo vya klabu, wakavihamishia kwenye ukumbi wao mpya huko Vuga, wakamwambia Rawiya Mungu akupe subira. Mungu alimpa. Hakuna aliyeuliza kama anataka kitu kingine.

Ikawa kimya. Na wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hawakusema mshindo huo utachukua muda gani kufika. Kwa Rawiya ulichukua miaka sita, na ulifika juu ya mkokoteni. Mwaka 2004 ofisi ya karafuu ililetewa kompyuta mpya, na zile kuukuu wakagaiwa wafanyakazi. Ya Rawiya ilikuwa imegeuka rangi kwa uzee na haikuwaka. Hamali akaisukuma mpaka Mchangani, kwa fundi Simai.

Simai alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyetengeneza redio miaka kumi na tano kabla watu hawajaanza kuzitupa badala ya kuzitengeneza, ndipo akahamia kwenye kompyuta. Alikuwa na maneno mengi na mikono safi. Siku Rawiya alipokwenda kuichukua mashine yake, alisikia nai, ile filimbi ya taarabu, ikilia nyuma ya meza ya fundi, na akasimama mlangoni na mkoba wake bila ya kuingia.

"Nani anapiga?" aliuliza.

"Hapigi mtu," alisema Simai. "Hicho kinanda, kimo ndani ya kompyuta. Hakina ubao wala waya. Ni programu tu, wenyewe wanaita sinthesaiza. Sauti haikurikodiwa popote, inatengenezwa humu humu. Unabonyeza herufi, inalia."

"Na mtu asiyejua kupiga?"

"Hata mimi sijui. Nnabonyeza tu, nnarikodi kidogo kidogo, nikikosea nnafuta."

"Kwa hivyo si lazima mtu akae na wapigaji."

"Lazima umeme tu, Bi Rawiya."

Fundi alilisoma jina hilo kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kompyuta, lakini Rawiya alilibeba mpaka nyumbani.

Wiki ile ile klabu ilibandika tangazo mlangoni pake. Watungaji wa zamani wamekwisha kwenda kwa Mola wao, na taarabu ya Idi Pili inataka pigo jipya la kufungulia. Mwenye bashrafu ailete kwenye kanda kabla ya Rajabu kumalizika, ili ifanyiwe mazoezi Shaabani, maana Ramadhani vinanda hutundikwa. Rawiya alilisoma tangazo lile juani mpaka wazee waliokaa barazani ng'ambo ya pili wakaanza kumtazama. Alikuwa na wiki saba.

Simai alimpa sidii moja yenye vinanda arobaini na kitu vya majaribio, alivyovikusanya kwenye mtandao. Akamwambia: chagua kimoja, kimoja tu, ukae nacho mpaka ukijue. Mtu hajifunzi baiskeli kwa baiskeli arobaini. Rawiya akasema naam, akaenda nyumbani, akafanya kinyume chake, kama wafanyavyo wanafunzi wote wa dunia.

Cha kwanza alikichagua kwa uzuri wa sura. Kilichorwa mbao pembeni, na taa nyekundu, na vitufe vya kuzungusha vingi kuliko vya redio zote za Mchangani. Kompyuta ya ofisi ya karafuu haikuwahi kubebeshwa mzigo wa namna ile. Ilitoa sauti moja, ikaganda, ikabidi izimwe ukutani.

Cha pili alikichagua kwa wingi. Kilikuwa na sauti mia sita, na sauti mia sita, alifikiri, hakosi mtu fidla moja humo. Akavaa hedifoni. Kulikuwa na sauti ya mvua, ya ndege ya abiria, ya watu wanaonong'ona, na moja iliyolia kwa dakika nzima bila ya kwenda popote. Siku kumi na mbili alisikiliza moja baada ya moja na kuziandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kikarani, hii nzuri, hii mbaya, hii ya kuogopesha, na katika siku kumi na mbili hizo hakupiga hata kipande kimoja cha bashrafu yake. Kila alipoondoka kwenye sauti moja alihofia nzuri zaidi iko mbele. Kuna watu huoa hivyo, na kuna watu hawaoi kabisa kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ya kumi na tatu akarudi kwa Simai kuomba sidii nyingine.

"Mchagua nazi hupata koroma," alisema Simai. "Unatafuta nini hasa?"

"Fidla."

"Humo nlokupa zimo fidla kumi na tisa. Nimezihesabu."

"Si fidla zile. Zile ziko uchi."

Simai alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Bi Rawiya, mimi sijaona fidla iliyovaa kanzu."

Rawiya hakucheka. Alikuwa akitafuta namna ya kueleza na hakuipata. Alisema tu kwamba zinapiga makelele, na fidla haipigi makelele, fidla imetulia, inakuja taratibu. Simai akaona mteja wake anakaribia kulia kwa jambo asilolielewa, akaacha mzaha. Akamfungulia kinanda cha mwisho kwenye orodha, cha rangi ya kijivu, hakina mapambo, vitufe vyake kumi tu.

"Hiki hakina fidla wala nai," alisema. "Kina sauti ghafi, unaipika mwenyewe. Na kina chujio. Wajua tui? Ukiliachia chujio, kila kitu kinapita, na machicha yake. Ukilikaza, linapita tui peke yake. Zungusha kitufe hichi kulia, ukali wote unapita. Zungusha kushoto, ukali unabaki nje."

Nyumbani Rawiya aliishika ile sauti ghafi, kali, ya kuchoma, akaanza kuzungusha kushoto kidogo kidogo. Ukali ukapungua. Akaendelea. Sauti ikawa nene, ikashuka, ikarudi nyuma, na pahala fulani karibu na mwisho mkono wake ukasimama wenyewe. Akavua hedifoni, akageuka kutazama nyuma yake, kisha akazivaa tena. Ilikuwa ndiyo. Hakuwa ameisikia kwa miaka sita. Redioni alikwisha kusikia fidla nyingi, na harusini pia, na siku zote aliamini kwamba zile zina kasoro. Fidla hasa, kwake yeye, ilikuwa ya nyumbani.

Basi akakichagua kile cha kijivu. Alikuta vilevile kwamba kila sauti yake inaweza kushushwa kidogo sana, mpaka ifike kwenye ile robo ya sauti inayokaa baina ya funguo mbili, ambayo bila yake muziki wetu haukolei. Vile vingine arobaini akavifuta, na alipovifuta alihisi nafuu aliyokuwa hakuitarajia.

Tangu hapo kila siku baada ya Alasiri alikaa mbele ya kompyuta mpaka adhana ya Magharibi. Alibonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, akakosea, akafuta. Kwanza fidla ya kwanza, kisha kanuni, kisha nai, akodiani, na ngoma ya dumbaki. Fidla ya pili ilimsumbua siku nne nzima. Ilikuwa imenyooka mno, inaingia pamoja na ya kwanza, na bashrafu ikawa haina raha. Akairudisha nyuma kiasi cha mtu kuvuta pumzi. Ikakaa. Mpiga fidla wa pili wa baba yake alikuwa Anuar, fundi cherehani, na Anuar siku zote alichelewa kuingia. Rawiya alikuwa hajawahi kumwona akipiga, lakini kuchelewa kwake alikujua, na kikohozi chake, na namna baba alivyomkaripia kila Alhamisi bila ya faida.

Siku alipoisikia yote, mistari sita pamoja, mwanzo hadi mwisho, Rawiya alilia. Alikuwa na furaha kubwa kuliko aliyopata kuwa nayo maishani. Kisha akavua hedifoni, na chumbani hakukuwa na kitu ila feni ya kompyuta ikizunguka. Alitamani kumwambia mtu, njoo usikilize. Akanyanyua simu ampigie Jamil, akakumbuka leo si Idi, na Jamil akiona namba ya Unguja siku isiyo Idi atadhani kuna msiba. Akairudisha simu pahala pake, akaenda kuwatilia paka wali.

Simai ndiye aliyemhamishia bashrafu kwenye kanda. Aliunga nyaya, akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Mbona chujio umelikaza hivi? Miaka kumi na tano watu wakiniletea redio zenye sauti hii niwatengenezee. Ngoja nilifungue."

"Liache hivyo hivyo."

"Lakini Bi Rawiya—"

"Simai, mimi nimelelewa na fidla."

Fundi akarudi kwenye nyaya zake. Binti wa Thuwaini akisema habari za fidla, nani wa kumbishia? Kanda ikatoka kama ilivyo, na siku tano kabla ya Rajabu kwisha Rawiya akaipeleka Vuga.

Ukumbi wa klabu ulikuwa ghorofani, na ndani alimkuta mtu mmoja tu, Mzee Mcha, akiifuta fidla yake kwa kitambaa. Mcha alikuwa mtu wa Tumbatu aliyekuja mjini kijana na fidla mkononi. Alipiga fidla ya kwanza kwa Thuwaini tangu mwanzo hadi mwisho, na sasa, kwa miaka yake sabini na miwili, ndiye aliyekuwa mkuu wa wote.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe? Macho yangu yashachoka."

"Rawiya. Rawiya Thuwaini."

"Subhanallah. Binti wa Thuwaini. Wewe ndo ulokuwa ukituletea kahawa."

"Naam."

Mzee Mcha alimtazama kwa muda. Uso ule kwa kweli hakuwahi kuuona vizuri. Alichokuwa akikiona miaka yote ile ni sinia. Akaipokea kanda, akaitia kwenye redio, akakaa.

Ilipiga nukta chache, akaizima. Akaifungua redio, akachovya pamba kwenye spiriti, akasafisha kichwa cha kusomea kanda polepole, akapuliza, akaiwasha tena. Ikawa vile vile. Akaipiga redio kofi.

"Kanda yako inaumwa," alisema. "Nshasafisha na bado. Inalia kama watu wako chumba cha pili."

"Haiumwi, ami. Ndivyo fidla inavyolia."

Mzee Mcha akainyanyua fidla yake, akavuta upinde mara moja, mvuto mrefu. Rawiya alirudi nyuma hatua nzima.

"Hivi ndivyo inavyolia," alisema mzee.

"Nyumbani haikuwa ikilia hivyo."

"Nyumbani wapi?"

"Kwetu. Mlipokuwa mkipiga."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ngazini," alisema Rawiya. "Kidato cha nne. Mlango umefungwa."

Mzee Mcha akaweka fidla mapajani, akairudisha kanda mwanzo, akaisikiliza yote macho yamefumbwa. Ilipoingia fidla ya pili akayafumbua.

"Anuar huyo."

"Naam."

"Maskini Anuar. Mwaka wa tatu huu yuko makaburini Mwanakwerekwe, na bado anachelewa." Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Na hii katunga nani?"

"Mimi."

"Hukufundishwa na mtu?"

"Nilifundishwa na nyinyi. Hamkujua tu."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu, mtu asingejua anakubali au anasikitika. Akamwambia bashrafu ataichukua, wataipiga Idi Pili, na mazoezi ni Jumanne ya kwanza ya Shaabani baada ya Alasiri. "Uje mwenyewe," alisema. "Ukae ndani."

Njiani kurudi Rawiya alishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka. Mtu mzima, wiki saba, vinanda arobaini na kitu, na alichokichagua kwa makini kuliko vyote kilikuwa mlango. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akazungusha chujio kulia mpaka mwisho, akasikiliza. Kila kitu kilikuja kwa pamoja, wazi, kikali, karibu na uso wake. Alivumilia mpaka nusu. Kisha akalirudisha lilipokuwa, akakaa akilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu kufa baba yake alimkasirikia.

Jumanne alivaa baibui jipya. Ukumbini kulikuwa na wapigaji wanane, nusu yao vijana asiowajua, na walimwekea kiti mbele, katikati, kile cha wageni wa heshima. Mzee Mcha akasimama akasema, "Hii bashrafu ni ya Rawiya," mbele ya watu wote, maneno yale yale hasa aliyoyangojea miaka ishirini na tatu. Rawiya akajikuta anaangalia mikono yake.

Wakapiga. Walipiga vizuri, hakuna aliyekosea. Rawiya alisikia pinde zikikwaruza, na miguu ikigonga sakafu, na mpiga nai akivuta pumzi baina ya vipande, na dumbaki ikimgonga kifuani. Aliitafuta bashrafu yake humo ndani na hakuiona. Kila sauti ilikuwa pahala pake, na yote kwa jumla ilikuwa ya watu wengine. Ikamjia hofu ya kweli, kwamba amepewa kile alichokiomba na hakijui.

"Ndivyo?" aliuliza Mzee Mcha walipomaliza.

"Nzuri sana, mashaallah."

"Sikukuuliza uzuri. Nimekuuliza, ndivyo?"

Watu wanane walikuwa wakimtazama. Rawiya alitamani kusema ndivyo, ashukuru, aende zake, na Idi Pili akae nyuma pamoja na wanawake wengine apige makofi. Lakini miaka ishirini na tatu si mchezo.

"Sijui, ami," alisema. "Naomba nitoke nje kidogo. Mupige tena, tafadhalini."

Akatoka, akaufunga mlango mwenyewe. Nyuma yake alisikia kijana mmoja akiuliza kama wamemuudhi, na sauti ya Mzee Mcha ikimwambia anyamaze apige. Rawiya akashuka vidato kadhaa, akakaa, akakusanya baibui magotini.

Ikaanza, na ikawa ndiyo. Ilikuja kupitia kwenye mbao, laini, ukali wake umebaki ndani, kama alivyoibeba tangu siku ya pasi, na safari hii ilikuwa na pumzi ambayo kompyuta haikuwa nayo, kwa sababu walikuwa watu. Rawiya alitia uso wake kwenye viganja. Alifurahi na aliumia kwa pamoja, wala hakuweza kulitenga moja na jingine. Baba yake alikuwa kaburini mwaka wa sita. Mlango huu hakuufunga baba.

Fidla ya pili iliingia kwa wakati wake hasa, imenyooka, ya kijana aliyesoma chuoni. Rawiya akainua kichwa.

"Fidla ya pili ichelewe kidogo," alisema kwa sauti, akiutazama mlango.

Ndani vinanda vikasimama. Mtu akacheka, mwingine akauliza achelewe vipi, na Mzee Mcha akamweleza. Wakaanza upya, na fidla ya pili ikachelewa, mara ya kwanza mno, mara ya pili sawasawa. Rawiya akawaambia akodiani ipungue. Ikapungua. Akawaambia kanuni ingoje. Ikangoja. Hakuna aliyeuliza anajuaje.

Walipoirudia mara ya nne aligundua fidla ya kwanza haimo. Mlango ukafunguliwa, sauti zote zikamwagika nje kwa ukali, kisha ukafungwa, zikarudi mbali. Mzee Mcha alikuwa amesimama juu ya ngazi, mikono mitupu. Alishuka akishika ukuta, kidato kwa kidato, mpaka pale alipokuwa Rawiya. Akakaa kwa taabu, magoti yakimlia, akainamisha kichwa upande wa mlango kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Wapigaji ndani, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache, wakaianza tena.

"Kumbe huku ni mbali hivi," alisema Mzee Mcha.

Rawiya alisogea kumpa nafasi, maana kidato kilikuwa chembamba, na yeye hakuwahi kukaa hapo na mtu.